Nikameza, nikapona: Sarufi ya tangazo lisilojiita tangazo

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne akutajie sifa za sajili ya matangazo ya biashara. Atakukariria bila kupumua: lugha ya kushawishi, chuku, takriri, sentensi fupi fupi, kuchanganya ndimi, kumwelekea mnunuzi moja kwa moja. Atapata alama zake zote na atastahili kuzipata. Shida yangu si mwanafunzi. Shida yangu ni orodha yenyewe, ambayo vitabu vyetu vya isimujamii vimekuwa vikinakiliana kwa miaka mingi kana kwamba tangazo ni mtu anayevaa shati lile lile kila siku.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikisoma magazeti ya miji midogo ya Marekani yaliyochapishwa kati ya 1900 na 1915. Maktaba ya Bunge la nchi hiyo imeyaweka kwenye intaneti, ukurasa kwa ukurasa, na huhitaji kulipa hata ndururu kuyasoma. Niliingia humo kutafuta kitu kingine kabisa, nikanaswa na matangazo: sabuni, rangi ya kung'arisha jiko, cherehani, na dawa, dawa, dawa. Nilichokiona ni kwamba ile orodha ya mwanafunzi wetu inatosha kwa sabuni. Kwa dawa haitoshi. Matangazo ya dawa yaliyodhuru watu zaidi hayana chuku, hayana takriri, na mengine hayamwelekei mnunuzi hata kidogo.

Kwanza tuyajue magazeti yenyewe. Gazeti la mji mdogo wa Kansas au Ohio aghalabu lilitoka mara moja kwa wiki, likiwa na kurasa nne au nane. Mhariri ndiye aliyekuwa mwandishi, mpiga chapa na mdai wa madeni. Mara nyingi nusu ya gazeti lake hakuiandika yeye. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowachukua wafanyakazi wa matbaa, mhariri mmoja wa Baraboo, Wisconsin, Ansel Kellogg, aliagiza karatasi ambazo upande mmoja ulikuwa umeshachapishwa mjini Madison. Miaka michache baadaye alihamia Chicago akaigeuza njia hiyo kuwa biashara kubwa. Mhariri wa kijijini alipokea karatasi zenye hadithi, mapishi na matangazo ya dawa tayari, naye akajaza upande mtupu kwa habari za arusi, ng'ombe waliopotea na bei ya mahindi. Kwa hiyo tangazo lililotungwa mbali sana lilimfikia mkulima likiwa ndani ya gazeti la mtu anayemjua kwa jina, pengine wanayesali naye kanisa moja.

Sabuni haina makuu. Kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati ilianza kuuza sabuni ya Ivory mwaka 1879, na matangazo yake yakadai mambo mawili: inaelea majini, tena ni safi kwa asilimia 99 na 44/100. Hilo la pili ni chuku iliyovaa miwani ya hisabati. Safi kwa kulinganishwa na nini? Lakini hilo la kwanza mama yeyote angeweza kulipima kwa beseni la maji. Sabuni ikizama, muuzaji ameumbuka. Hapa orodha ya shuleni inafanya kazi vizuri, na msomaji anajua fika kwamba anazungumza na mchuuzi.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba bidhaa za nyumbani zote zilikuwa na adabu hiyo. Kulikuwa na vita vya beking pauda. Kampuni ya Royal ya New York ilitumia krimu ya tata, zao la mvinyo, huku washindani wake wakitumia shabu, ambayo ni rahisi zaidi. Basi magazetini zikatokea habari, si matangazo, habari, kwamba mikate ya shabu ni sumu. Zilikuwa zimelipiwa. Huko Missouri mambo yalifika hadi bungeni: mwaka 1899 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku beking pauda ya shabu, na baadaye ikagunduliwa kwamba hongo ilitembea. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1905. Beking pauda yenye chumvi za alumini ingali inauzwa madukani hadi leo.

Habari ya kulipiwa ndiyo inayonirudisha kwenye lugha. Sisi Waswahili tuna neno moja, tangazo, kwa taarifa ya kifo, amri ya chifu, kazi iliyo wazi na sabuni inayouzwa. Kitenzi ni kimoja: kutangaza. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu wa msamiati. Mimi naona kwamba neno letu linasema ukweli ambao Kiingereza kinauficha: mtu anayeuza huazima mamlaka ya mtu anayearifu. Wamarekani wana maneno mawili tofauti, na bado wahariri wao waliyachanganya kwa makusudi kwa sababu mchanganyiko huo ndio uliolipa.

Hata jina la bidhaa lilikuwa na ila. Dawa hizi ziliitwa za hataza. Kwa kweli nyingi hazikuwa na hataza yoyote. Ukitaka hataza sharti ueleze umechanganya nini, na hilo ndilo jambo ambalo wenyewe hawakulitaka. Walichosajili ni jina na nembo. Siri ikabaki chupani.

Sasa twende kwenye kiini. Chukua tembe za Doan's za figo na mgongo, zilizouzwa na kampuni ya Foster-Milburn ya Buffalo, New York, kwa senti 50 kijisanduku. Matangazo yake yalikuwa na mtindo usiobadilika. Kichwa kilitaja mji ule ule ambako gazeti lilitoka. Chini yake akaja mwanamke wa mji huo, kwa jina lake na mtaa wake. Alisema mgongo ulimwuma hata hakuweza kuinama wala kufagia. Usiku hakulala. Alijaribu hiki na kile. Kisha akasikia habari za tembe hizi, akanunua katika duka la dawa la hapo mjini, nalo limetajwa, akazitumia, na sasa hajambo.

Hebu tafuta chuku hapo. Hakuna. Vivumishi ni vichache mno. Vitenzi ni vya kazi za nyumbani: kuinama, kufagia, kuamka. Nafsi ni ya kwanza, umoja. Mwanafunzi wetu akipewa matini hii pasipo jina la dawa atasema ni mazungumzo, au ushuhuda wa kanisani. Naye hatakuwa amekosea sana, kwa sababu mtindo umetoka huko huko.

Nilipojaribu kuufasiri ushuhuda wa aina hiyo kwa Kiswahili, nilijikuta ninaandika: nikanunua, nikameza, nikapona. Nikasimama hapo. Kiambishi -ka- hakisemi kwamba kupona kulisababishwa na kumeza. Kinasema tu kwamba kulifuata. Uhusiano wa sababu na tokeo haumo katika sentensi, anautia msikilizaji. Na anautia upesi kuliko anavyojijua, kwa kuwa tangu utotoni hadithi zimemzoesha kwamba kinachofuata -ka- hakifuati bure. Sungura akaruka, akaangukia mtegoni. Kiingereza hufanya hivyo hivyo kwa njia zake, lakini katika sarufi yetu mtambo mzima unaonekana waziwazi, kama saa iliyofunguliwa mgongo.

Jambo hili ni zito kwa sababu linamwondolea shahidi hatia. Mama yule wa Ohio hakuwa mwongo. Maumivu mengi ya mgongo huisha yenyewe baada ya wiki chache, umeze usimeze. Aliumwa kweli, alimeza kweli, alipona kweli. Kila sentensi yake ingesimama mahakamani. Uongo ulikuwa katika kiungo ambacho hakukitamka.

Hapa naachana kidogo na Samuel Hopkins Adams, mwandishi ambaye makala yake katika jarida la Collier's, kuanzia Oktoba 1905, yaliwaumbua wenye dawa hizi. Alifanya kazi kubwa. Alieleza yaliyomo chupani, akafuatilia shuhuda, akataja majina. Lakini sentensi yake ya kwanza kabisa inaisawiri Marekani kama nchi ya watu wepesi wa kudanganyika, ambao mwaka huo wangetumia dola milioni 75 hivi kwa dawa za namna hii. Wepesi wa kudanganyika? Msomaji wa mji mdogo alifuata kanuni ambayo sote huifuata: liamini gazeti la kwenu kuliko mpita njia, mwamini jirani kuliko mchuuzi. Ni kanuni nzuri. Wenye dawa waliisoma, wakaipigia shubaka humo humo. Kumwita mtu huyo mjinga ni kumlaumu mwenye nyumba kwa kuwa na mlango.

Tazama kisa cha Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, ambaye dawa yake ya mitishamba kwa maradhi ya wanawake ilianza kuuzwa mwaka 1875. Matangazo yalimwalika mwanamke amwandikie Bi. Pinkham, mwanamke mwenzake, amweleze yale ambayo angeona haya kumweleza daktari mwanamume. Barua zilimiminika. Mwaka 1905 Edward Bok, mhariri wa Ladies' Home Journal, alichapisha picha ya kaburi lake. Bibi alikuwa amefariki mwaka 1883! Kwa zaidi ya miaka 20 wanawake walikuwa wakihimizwa kumwandikia marehemu. Kampuni ilijitetea kwamba Bi. Pinkham anayetajwa ni mke wa mwanawe, ambaye naye alikuwa Bi. Pinkham. Wanapragmatiki watalifurahia jibu hilo. Jina moja, watu wawili, na tangazo halikusema uongo popote.

Lakini siwezi kumcheka aliyeandika barua ile. Daktari alikuwa mbali, alikuwa ghali, na mara nyingi hakumsikiliza. Bi. Pinkham, hai au maiti, alijibu. Alichouziwa mwandishi wa barua ni mizizi na majani ndani ya kinywaji chenye pombe karibu asilimia 18, na wengi wa wanywaji wake walikuwa wanawake wasiogusa divai hata ya mezani.

Mbinu nyingine haihusu masimulizi bali maana za maneno. Daktari Samuel Hartman wa Columbus, Ohio, aliuza Peruna. Alichofanya ni kuchukua neno ambalo madaktari walilitumia kwa ute wa puani na kooni, ambalo kwa matamshi yetu lingekuwa katara, akalipanua. Kukawa na katara ya tumbo, katara ya figo, katara ya mapafu, katara ya viungo vya uzazi. Kila ugonjwa ukawa katara ya mahali fulani. Katika semantiki tunaita huo upanuzi wa maana na tunautolea mifano isiyo na madhara. Hapa tazama kazi yake: neno likishafunika kila kitu, sentensi "Peruna huponya katara" haiwezi kukanushwa na yeyote. Utampinga kwa ugonjwa gani? Pombe katika Peruna ilikuwa karibu asilimia 28, zaidi ya mara tano ya bia ya kawaida. Mwaka 1905 idara ya serikali iliyosimamia wenyeji asilia wa Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake katika maeneo yao, kwa sababu ililevya.

Sisi tunayo katara yetu. Inaitwa sumu mwilini. Msikilize yeyote anayeuza unga wa mitishamba kwenye basi la kwenda Nakuru umwulize ni sumu gani.

Miaka ya 1920 watu wa Listerine walikwenda mbinu moja zaidi. Badala ya kupanua neno la kawaida walifufua neno la kitabibu ambalo hakuna aliyelijua, halitosisi, kwa maana ya kunuka mdomo. Kunuka mdomo ni aibu, halitosisi ni ugonjwa, na ugonjwa una dawa. Nalipita hilo haraka, halikuua mtu.

Tasfida iliua. Sharubati ya Mrs. Winslow, iliyoanza kuuzwa katikati ya karne ya 19, ilitangazwa kwa akina mama ambao watoto wao walikuwa wakiota meno. Kivumishi chake kilikuwa kimoja tu: ya kutuliza. Picha ilikuwa ya mama na mtoto, nyumba tulivu. Na kwa kweli ilituliza. Ilikuwa na mofini. Mtoto alinyamaza, akalala, na mama akashukuru. Baadhi ya watoto hawakuamka. Mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kiliziweka sharubati za aina hii chini ya kichwa cha maneno mawili: wauaji wa watoto. Kumbuka kwamba jina lenyewe halikudai kuponya kitu. Lilitumia kitenzi kimoja cha kweli, likanyamaza kuhusu kilichokifanya kitenzi hicho kiwe cha kweli.

Je, serikali ilikuwa wapi? Na magazeti? Mwaka 1905 huo huo Mark Sullivan alionyesha katika Collier's kwamba mikataba ya matangazo ya dawa ilikuwa na kifungu kilichochapwa kwa wino mwekundu: iwapo jimbo litapitisha sheria ya kuzibana dawa hizi, mkataba unavunjika. Mwenye kubuni kifungu hicho alikuwa Frank Cheney wa Toledo, Ohio, muuza dawa ya katara. Mhariri aliyeishi kwa fedha hizo hakuhitaji kuambiwa anyamaze.

Sheria ilipopatikana, Juni 30, 1906, iliwalazimu watengenezaji waandike kwenye kibandiko kiasi cha pombe, mofini, kokeini na vitu vingine vya kulevya. Ilikuwa hatua kubwa, lakini iligusa chupa na kifurushi. Ukurasa wa gazeti haukuguswa. Uongo ukahama kutoka kwenye chupa, ukaenda kukaa gazetini, ambako ulikuwa na wenyeji wake.

Kisha, mwaka 1911, likatokea swali ambalo wanaisimu wa Kiswahili wangepaswa kulifundisha. Mtu mmoja wa Kansas City aliuza tembe alizodai zinaponya saratani. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, Jaji Holmes akiandika hukumu, kwamba sheria ya 1906 ilikataza uongo kuhusu kilichomo chupani, si kuhusu kinachofanywa na kilichomo. "Ina hiki" ni taarifa. "Inaponya" ni maoni. Majaji watatu walipinga, akiwemo Hughes, aliyesema kwamba kuna madai ya tiba ambayo ni uongo wa waziwazi, si rai ya mtu. Mimi niko upande wa Hughes. Kitenzi kuponya hakigeuki kuwa cha maoni eti kwa sababu kimeandikwa na muuzaji.

Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1912, lakini likaongeza sharti kwamba lazima ithibitishwe kuwa muuzaji alikusudia kudanganya. Na hapo ndipo ushuhuda ulipogeuka ngao. Katika miaka ya 1930 serikali ilishtaki dawa iitwayo Banbar, iliyouzwa kwa wagonjwa wa kisukari wakati ambapo insulini ilikuwa imeshapatikana tangu 1922. Serikali ilileta barua za watu walioisifu dawa hiyo na, kando ya barua hizo, vyeti vyao vya vifo. Ilishindwa kesi. Barua zile zile zilimwezesha muuzaji kusema kwamba yeye aliamini kwa moyo safi. Nikatumia, nikapata nafuu, alikuwa ameandika mgonjwa. Cheti cha kifo kilikuwa sehemu ya pili ya masimulizi hayo, ila hakuna gazeti lililoichapisha.

Mwaka huo wa 1912 kulitokea pia sheria ya posta iliyotaka kila habari ya kulipiwa iwekewe alama ya kwamba ni tangazo. Wahariri wa miji midogo walitii kwa namna yao: mwishoni mwa habari, baada ya nukta ya mwisho, walitia kifupisho cha herufi tatu, Adv. Msomaji alifika hapo akiwa ameshasoma na ameshaamini.

Redioni kwetu siku hizi ushuhuda umerudi kwa kishindo. Mtu anapiga simu, anasema anaitwa nani, anatoka kaunti gani, mguu ulikuwa umevimba, akaelekezwa kwa daktari fulani wa mitishamba, akatumia, na sasa anatembea. Mtangazaji anapiga makofi. Hakuna anayesema tangazo hili limelipiwa. Kwenye simu zetu ni hali hiyo hiyo, ila shahidi ni kijana mrembo mwenye wafuasi wengi na bidhaa ni mafuta ya ngozi.

Ndiyo maana ningependa swali la sajili katika mitihani yetu libadilishwe. Badala ya "taja sifa tano", mpe mtahiniwa ushuhuda mmoja, umwulize: nani amelipia maneno haya, -ka- ipi inabeba mzigo usiotamkwa, na ni ugonjwa gani ambao jina lake hapa haliwezi kukanushwa. Niliwajaribu wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kwa ushuhuda wa Doan's uliotafsiriwa, jina la dawa likiwa limefutwa. Niliwauliza tu ni sajili gani. Wengi waliandika mazungumzo, wachache wakaandika sajili ya dini, na mmoja akaandika hospitali. Aliyeandika matangazo hakuwepo.